Pesa Ni Ile Ile, Kapu Limepungua: Jinsi ya Kupima Tunachotuma Nyumbani

Somo la leo ni la uchumi, lakini msikimbie. Tutatumia kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu tu, na tutaanza na aibu yetu wenyewe.

Mwaka 2024 sisi na kaka yetu, wote tuko Maskati, tulikuwa tunachanga riali 100 kila mwezi kwa ajili ya nyumba ya mama, Kisauni, Mombasa. Pesa hupokelewa na dada yetu mdogo. Yeye ndiye anayenunua, anayelipa, na anayempeleka mama kliniki. Mwezi wa nane dada akaandika kwenye WhatsApp kwamba pesa haifiki mwisho wa mwezi. Tukamjibu kama wakubwa: "Mwezi wa kwanza ilitosha na ikabaki. Riali ni zile zile 100. Inaenda wapi?"

Siku mbili kimya. Siku ya tatu akatuma picha za daftari lake la matumizi, ukurasa kwa ukurasa tangu Januari, na maneno mawili chini yake: "Hesabuni nyinyi."

Tukahesabu. Kazi yetu ni uhasibu, shahada ya biashara tumechukua, na bado tulikuwa tumemtuhumu mtu kabla ya kufungua kitabu. Hesabu tuliyoifanya usiku ule ndiyo somo lenyewe, na kila anayetuma pesa anaweza kuifanya.

Kapu la bidhaa ni nini?

Watafiti wa uchumi wakitaka kujua kama maisha yamepanda, hawaulizi "unapata shilingi ngapi?" Wanauliza "vitu vile vile ulivyonunua mwaka jana, leo vinagharimu kiasi gani?" Wanachagua orodha ya bidhaa na huduma ambazo familia hutumia kweli: unga, mchele, kodi ya nyumba, nauli, dawa, karo. Orodha hiyo huitwa kapu. Kisha wanalipima kapu lile lile, kwa vipimo vile vile, mwezi baada ya mwezi.

Njia hii si mpya. Mwanauchumi Mjerumani Étienne Laspeyres aliandika kanuni yake mwaka 1871, na hadi leo ofisi nyingi za takwimu duniani zinatumia kanuni ya ukoo huo huo. Gharama ya kapu leo unaigawa kwa gharama ya kapu ule mwezi ulioanzia, halafu unazidisha kwa 100. Ukipata 100, bei hazijabadilika. Ukipata 105, kapu limepanda kwa asilimia 5. Namba hiyo ndiyo fahirisi ya bei, na kupanda kwake kwa mwaka ndiko tunakoita mfumuko wa bei.

Kapu la mama

Hizi ndizo namba kutoka kwenye daftari la dada. Tumezizungusha kidogo ili zifuatike kwa urahisi. Kwa mwezi, Januari 2024, shilingi za Kenya:

- Chakula: 18,000
- Kodi ya nyumba: 10,000
- Umeme, maji na gesi: 4,000
- Nauli na simu: 3,000
- Dawa za mama: 3,000
- Karo ya mpwa wetu, inayowekwa kidogo kidogo: 2,000
- Jumla: 40,000

Vitu vile vile, kiasi kile kile, Agosti 2024:

- Chakula: 19,440
- Kodi ya nyumba: 10,000
- Umeme, maji na gesi: 4,200
- Nauli na simu: 3,000
- Dawa za mama: 3,360
- Karo: 2,000
- Jumla: 42,000

Gawa 42,000 kwa 40,000, zidisha kwa 100, unapata 105. Bei za nyumba ya mama zimepanda asilimia 5 kwa miezi saba. Si balaa. Basi mbona dada analia? Asilimia 5 haiwezi kumaliza pesa ya wiki nzima.

Hapo ndipo tukageukia upande wetu.

Riali haikusogea, shilingi ndiyo iliyosogea

Riali ya Oman imefungwa kwenye dola ya Marekani. Tangu mwaka 1986 riali moja ni kama dola 2.60, haipandi wala haishuki. Dirhamu ya Falme za Kiarabu nayo imefungwa, dola moja kwa dirhamu 3.67, na riyali ya Saudia 3.75. Kwa hiyo aliyeko Ghuba akitazama mshahara wake haoni mabadiliko yoyote. Aliyeko Uingereza au Kanada, ambako sarafu haijafungwa, ana mizunguko miwili ya kufuatilia, lakini hesabu ni ile ile.

Sasa tazameni shilingi ya Kenya. Januari 2024 dola moja ilikuwa inauzwa kwa takriban shilingi 160. Wengi waliogopa kwamba Kenya ingeshindwa kulipa hati fungani ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni mwaka huo. Mwezi wa pili serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa hati mpya ili kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani, na Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 13. Hofu ikashuka, wawekezaji wakaleta dola zao, na shilingi ikapata nguvu. Kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu shilingi 129.

Kwa nchi ilikuwa habari njema. Kwa sisi tunaotuma, hesabu ikawa hivi (tumeacha ada ya kutuma na faida ya wakala):

- Januari: riali 1 ni shilingi 416. Riali 100 ni shilingi 41,600.
- Agosti: riali 1 ni shilingi 335 hivi. Riali 100 ni shilingi 33,500.

Kumbe dada alikuwa anapokea shilingi 8,100 pungufu kila mwezi, na sisi huku tunasema "ni zile zile 100".

Tenganisha mkosaji wa kwanza na wa pili

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Pesa ya nyumbani huliwa na vitu viwili tofauti, bei na kiwango cha kubadilisha fedha. Ukivichanganya utamlaumu mtu asiyehusika. Vitenganisheni hivi:

1. Kapu la Januari kwa kiwango cha Januari: 40,000 gawa kwa 416. Jibu ni riali 96.
2. Kapu lile lile la Januari kwa kiwango cha Agosti: 40,000 gawa kwa 335. Jibu ni riali 119.
3. Kapu kwa bei za Agosti na kiwango cha Agosti: 42,000 gawa kwa 335. Jibu ni riali 125.

Kutoka 96 hadi 125 kuna riali 29. Kati ya hizo, 23 zimeletwa na kiwango cha fedha, 6 zimeletwa na bei. Dada yetu hakuleta hata moja.

Na kuna kosa jingine tulilolifanya kabla ya hapo. Mwisho wa 2023, shilingi ilipokuwa dhaifu na riali yetu "inazaa", sisi wenyewe tulimwambia dada wahame nyumba ya shilingi 7,000 waingie ya 10,000. Tuliichukua neema ya muda tukaifanya ahadi ya kudumu. Kiwango kiliporudi chini, kodi haikurudi.

"Lakini mfumuko wa bei si umeshuka?"

Swali hili tunaulizwa sana. Ni kweli, kwa takwimu za shirika la taifa la takwimu Kenya, mfumuko ulikuwa asilimia 6.9 Januari 2024 na ukafika 2.7 Oktoba. Lakini mfumuko ukishuka haina maana kwamba bei zimeshuka. Maana yake ni kwamba zinapanda polepole zaidi. Gari lililokuwa linakimbia kilomita 69 kwa saa sasa linakwenda 27. Bado linakwenda mbele. Usimwambie mtu wa nyumbani "mbona taarifa zinasema bei zimeshuka". Atakuona hujui unalosema, na atakuwa na haki.

Pili, kapu la taifa ni wastani. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alichunguza bajeti za familia za wafanyakazi akagundua jambo ambalo limethibitika karibu kila nchi: kadiri familia ilivyo na kipato kidogo, ndivyo sehemu kubwa ya kipato hicho inavyokwenda kwenye chakula. Katika kapu rasmi la Kenya, chakula na vinywaji visivyo na kileo vina uzito wa karibu asilimia 33. Kapu la Tanzania, ambalo mwaka wake wa kuanzia ni 2020, linavipa asilimia 28.2. Kwa mama ni 18,000 kati ya 40,000, yaani asilimia 45. Chakula kikipanda kwa asilimia 8, kapu la taifa la Kenya linapanda kwa asilimia 2.6 kwa sababu hiyo peke yake, na la mama kwa 3.6. Ndiyo maana familia zetu husikia maumivu kabla ya takwimu.

Na chakula hakipandi kwa sababu ya muuza duka wa mtaani pekee. Kumbukeni 2022: ukame kaskazini na mashariki mwa Kenya, vita vya Ukraine vikagusa ngano, na Aprili mwaka huo Indonesia ikazuia mafuta ya mawese kutoka nje kwa wiki kadhaa. Afrika Mashariki tunaagiza mafuta mengi ya kupikia kutoka Indonesia na Malaysia. Uamuzi wa Jakarta ukaishia kwenye karai la chapati la Kisauni.

Kile ambacho kapu halionyeshi

Kanuni ya Laspeyres ina udhaifu unaojulikana. Inadhani watu wanaendelea kununua vitu vile vile hata vikipanda, lakini watu hubadilisha. Samaki akipanda, unanunua maharagwe. Kwenye karatasi matumizi yanaonekana yametulia, kumbe ni maisha yaliyopungua.

Tuliliona hili kwenye daftari. Mwezi wa sita samaki anatoweka. Mwezi wa saba mstari wa dawa za mama unashuka kutoka 3,000 na kitu hadi 1,700. Tulifurahi kwa sekunde moja, tukidhani dawa imekuwa nafuu. Tukapiga simu kuuliza. Mama alikuwa anameza dawa ya presha siku moja na kuiruka siku ya pili, ili ifike mwisho wa mwezi. Alikuwa amemkataza dada asituambie, eti "watoto wanahangaika huko".

Kwa hiyo ukikagua daftari la nyumbani, usitafute tu kilichopanda. Tafuta kilichopotea, na kilichopungua bila sababu. Mhasibu mzuri huogopa zaidi namba iliyoshuka kimya kimya.

Tulichobadilisha

Kwanza, tulimwomba dada msamaha, kwa sauti, si kwa ujumbe. Hilo halimo kwenye vitabu vya uchumi lakini lilitangulia.

Pili, tuliacha kuahidi riali. Sasa tunaahidi kapu: chakula, kodi, umeme na maji, nauli, dawa, karo. Kiwango kikibadilika, sisi ndio tunaobeba tofauti, kwa sababu sisi ndio tunaotuma na tunaoweza kupanga upya. Tulipanda hadi riali 125, na kaka akaacha kifurushi chake cha televisheni.

Tatu, dawa hulipwa moja kwa moja kwenye duka la dawa, kabla ya kitu kingine chochote.

Nne, miezi ambayo shilingi ni dhaifu na kapu linapatikana kwa riali chache, tofauti haitumwi wala haiahidiwi kwa mtu. Inawekwa pembeni hapa hapa, kwa ajili ya miezi ambayo upepo utageuka. Tungeweka hivyo tangu 2023, Agosti isingetukuta uchi.

Zoezi la mwezi huu

1. Mwombe anayepokea pesa akuandikie vitu kumi ambavyo nyumba haiwezi kuishi bila hivyo. Mwambie wazi kwamba si ukaguzi wake, ni ukaguzi wako.
2. Andika kipimo, si jina tu: mchele kilo 10, mafuta lita 3, gesi mtungi wa kilo 6. Pakiti hupungua uzito huku bei ikibaki pale pale, kwa hiyo hesabu kwa kilo na lita.
3. Chukua bei kutoka duka lile lile, kila baada ya miezi mitatu.
4. Gawa jumla mpya kwa ya zamani, zidisha kwa 100. Hiyo ndiyo fahirisi ya nyumba yenu.
5. Gawa jumla mpya kwa kiwango cha wakala wako cha siku hiyo. Hicho ndicho kiasi unachotakiwa kutuma. Linganisha na unachotuma.

Kama vinatofautiana, usianze na swali la "inaenda wapi". Anza na zile hatua tatu za kutenganisha. Mara nyingi utamkuta mkosaji kwenye ubao wa viwango vya fedha, umempita kila siku ukienda kazini.