Haki ya Mwalimu na Shukrani Isiyohitaji Mali

Ndugu aliyeingia katika Uislamu hivi karibuni huenda akajiuliza: Je, yule mwalimu aliyenifundisha kusoma na kuandika, naye si Mwislamu, angali ana haki juu yangu? Na kama anayo, mimi nisiye na mali nitaitimizaje? Maswali haya mawili yafaa yajibiwe pamoja.

Hadithi iliyomo katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi yatufahamisha ya kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Itazameni vema. Haikutaja Waislamu peke yao, bali imetaja watu. Tena baada ya vita vya Badr, mwaka 624, baadhi ya mateka wa Makka waliojua kuandika lakini wasiokuwa na mali ya kujikombolea, waliachwa huru kwa sharti la kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Watu hao walikuwa washirikina, na walikuja kupigana na Waislamu. Hata hivyo kazi yao ya kufundisha ilihesabiwa kuwa sawa na fidia. Ikiwa somo la adui lilipewa thamani hiyo, sembuse la mwalimu aliyekutakia mema?

Katika zama zetu uko mfano wa Profesa Abdus Salam, Mwahmadiyya wa Pakistan, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979 pamoja na Wamarekani wawili. Katika ujana wake huko Lahore alifundishwa hisabati na Profesa Anilendra Ganguly, ambaye alikuwa Mhindu. Ilipogawanywa nchi mwaka 1947, watu wa dini hizo mbili walitengana kwa damu nyingi, na mwalimu akawa upande wa India. Salam hakumsahau. Aliomba asaidiwe kumtafuta, na mwaka 1981 akamkuta Calcutta, mzee, mgonjwa, amelala kitandani. Akamkabidhi ile nishani yake, akimweleza ya kwamba imetokana na mafundisho yake na mapenzi ya hisabati aliyomtia moyoni.

Pengine msomaji atasema: huyo alikuwa na nishani ya dhahabu, mimi nina nini? Lakini dhahabu ile haikuwa ndiyo zawadi yenyewe. Zawadi ilikuwa ni mzee kuambiwa, kabla hajafa, ya kwamba mbegu aliyoipanda zamani imeota na kuzaa. Habari hiyo yaweza kupelekwa kwa barua. Albert Camus, mwandishi aliyezaliwa Algeria katika nyumba ya maskini, baba yake akiwa ameuawa vitani mwaka 1914, alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 1957 alimwandikia barua Louis Germain, mwalimu wake wa shule ya msingi, kumshukuru. Naye Camus hakuwa mtu wa dini. Itakuwa aibu iliyoje sisi tulioamrishwa shukrani tupitwe nayo!

Basi andika barua. Wala usiandike tu kwamba wamshukuru kwa yote, maana neno hilo halina uzito. Mtajie somo lenyewe: siku aliyorudia kukueleza hesabu za sehemu mpaka ukafahamu, au kitabu alichokuazima. Mwalimu amefundisha watoto mamia, na mara nyingi hajui ni neno gani lake lililobaki.

Kisha iko dua, ambayo hata maskini wa mwisho anayo. Mtume s.a.w. ametufundisha kuyalipa mema tuliyotendewa, na tusipopata cha kulipia tumwombee mtendaji mpaka tuone kwamba tumemlipa. Imam Ahmad bin Hanbal alimwombea mwalimu wake, Imam Shafii, kwa miaka mingi. Ikiwa mwalimu wako si Mwislamu, mwombee afya na uongofu, Mtume s.a.w. aliwaombea uongofu watu wa kabila la Daus, ingawa aliletewa habari ya kwamba wamekataa.

Adabu nayo ni shukrani. Imesimuliwa ya kwamba Ibn Abbas r.a., aliyekuwa binamu yake Mtume s.a.w., alimshikia Zaid bin Thabit r.a. kikuku cha mnyama wake apande, na Zaid alipomzuia, akajibu ya kwamba hivyo ndivyo walivyoamrishwa kuwatendea wanazuoni. Leo hatuna vikuku vya kushika, lakini tunao mzigo wa madaftari wa kumpokea mwalimu njiani, na shikamoo ya kumtolea hata baada ya sisi wenyewe kuota mvi.

Kuhusu zawadi za vitu, mkungu wa ndizi au mayai machache yatosha. Kutoa ni moyo. Ila ni lazima kutahadhari. Mtume s.a.w. alimkemea mkusanyaji wa zaka aliyerudi na vitu akidai amezawadiwa, akauliza kama angaliletewa vitu hivyo lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake. Mzazi ampelekeaye mwalimu kuku juma moja kabla ya mtihani ajiulize swali hilo hilo. Aingoje siku ambayo mtoto amekwisha maliza shule, ndipo ampeleke kuku wake kwa moyo mweupe. Na mwalimu awatumaye wanafunzi kulima shamba lake saa za masomo asiite jasho lao shukrani.

Na ikiwa mwalimu amekwisha fariki? Mtume s.a.w. amehesabu kuwa ni wema mkubwa mtu kuwaunga rafiki za baba yake baada ya baba kuondoka, na sioni kwa nini mwalimu asiingie katika kipimo hicho. Tafuta walipo mjane wake na watoto wake, uwajulie hali, uwasimulie alivyokufundisha. Huenda mambo hayo hawajapata kuyasikia.