Maswali ya anayekwenda kuona matumbawe Unguja kwa mara ya kwanza

Twende mwezi gani?

Oktoba na Novemba, au Februari hadi mwanzoni mwa Machi. Hiyo ni miezi ambayo upepo hupungua na maji huwa maangavu. Kusi ikishika, Juni hadi Agosti, mawimbi ya mashariki mwa kisiwa humchosha mgeni kabla hajavaa miwani ya majini. Masika nayo huleta mvua na kuchafua maji.

Na siku gani?

Wageni wengi hawaulizi hili, na ndilo ningependa waanze nalo. Fungua kalenda ya mwezi mwandamo. Tarehe 1 na 15, na siku zinazofuata, huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikikaribia mita 4, na mkondo huenda kasi. Siku hizo bahari ya Unguja hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi, saa ileile ambayo watu wengi wamepanga kuogelea. Pale Matemwe, pwani ya mashariki, maji hukimbia mbali na ufuo, nanyi mtayafuata kwa miguu pamoja na watoto, juu ya mawe na wanyama wenye miiba mirefu myeusi.

Tarehe 8 na 22 hivi ni maji mafu. Mkondo hulegea, na saa 4 asubuhi bahari imejaa. Asiyezoea bahari apange safari siku hizo. Wavuvi wamekwenda kwa hesabu hii miaka yote, haigharimu kitu.

Kisiwa cha Mnemba au cha Chumbe?

Mnemba ina samaki tele, na ukiondokea Matemwe safari ni fupi kuliko kutoka Nungwi. Kisiwa chenyewe ni cha wageni wa hoteli, hivyo mtabaki majini na botini. Boti nyingi hukutana pale, basi ondokeni mapema na mwombe nahodha awaweke upande uliokingwa na upepo.

Kwa anayeogopa, mimi namwelekeza Chumbe, kusini mwa Mji Mkongwe. Matumbawe yake yamehifadhiwa tangu 1994, wageni huwa wachache, na watalii hawaruhusiwi kuzamia kwa mtungi. Wote mnaelea juu juu, na vya kuona vipo karibu.

Sijui kuogelea. Nibaki hotelini?

Hapana. Vaa jaketi okozi, umshike mwongozaji, utaelea. Ila usijifunzie kwenye kina. Siku moja kabla, simama kwenye maji ya kiunoni, uma bomba la kupumulia, inamisha uso, pumua kwa mdomo polepole mpaka moyo utulie. Miwani ijaribu hivi: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua. Ikishika, inakufaa. Ikianguka, omba nyingine. Nywele au ukingo wa hijabu ukipita chini ya mpira, maji yataingia tu.

Je, kuzamia kwa mtungi?

Inawezekana, kuanzia miaka 10, ukiwa na mwalimu kando yako, na kwa jaribio la kwanza kina kisizidi mita 12. Kwenye mita 10 shinikizo ni maradufu ya lile la juu, kwa hiyo ziba pua na usukume hewa taratibu tangu mita ya kwanza. Sikio likiuma, panda kidogo. Usizuie pumzi hata mara moja. Mwenye pumu amuone daktari kwanza. Na usipande ndege kabla ya saa 18 kupita tangu ulipozamia.

Nibebe nini?

Shati la mikono mirefu, maana mgongo huungua bila kuhisi. Maji ya kunywa. Kofia.

Naweza kushika viti vya pweza nipige picha?

Tafadhali usifanye hivyo. Kiti cha pweza ni mnyama: ukimtoa majini unamuua, na mgeni wa kesho hatamkuta. Usisimame juu ya matumbawe pia: tawi unalolivunja kwa unyayo mmoja limechukua miaka kukua. Ukichoka, lala chali uelee.

Nimuulize nini nahodha kabla ya kulipa?

Muulize kama kila abiria ana jaketi okozi, wakiwemo watoto. Muulize kama anafunga boti kwenye boya au anatupa nanga juu ya matumbawe. Kisha muulize siku hiyo maji yanajaa saa ngapi. Akikujibu kwamba siku zote ni sawa, tafuta nahodha mwingine.