Thamostati Inapodanganya: Mwongozo kwa Mafundi wa Risasi wa Ipyana na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Chubwi za risasi huuzamisha wavu, na wavu ndio unaoleta mbasa na usipa kutoka Ziwa Nyasa hadi Ipyana. Kazi ya kumimina chubwi ni ya heshima, lakini haitaki kubahatisha. Risasi safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi, na kwa kuimimina kwenye kalibu, nyuzi 350 hadi 400 zinatosha. Ikikaribia 500, mvuke wake huongezeka kwa kasi, huganda hewani ukawa vumbi jembamba, ukaingia mapafuni na kutua juu ya nguo, vyombo na mpunga ulioanikwa uani. Kati ya joto la kazi na joto la sumu kuna takriban nyuzi mia moja tu, na kwenye tanuri la umeme mlinzi wa nafasi hiyo ni thamostati. Hoja ya kijitabu hiki ni moja: thamostati ya tanuri la risasi isiaminiwe kwa sababu inaonyesha namba; iaminiwe baada ya kupimwa.

Hitilafu isiyolalamikiwa

Thamostati huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kukata umeme mapema au kutouwasha kabisa: risasi haiyeyuki, kazi inasimama, na fundi anaitwa siku hiyohiyo. Ya pili ni kushindwa kukata. Hapo risasi huyeyuka upesi kuliko jana, na mwenye tanuri huweza kufurahi badala ya kushtuka. Hii ndiyo hitilafu mbaya, kwa kuwa haimsumbui mtu mpaka imdhuru. Dalili zake huonekana kwa macho. Uso wa risasi uliotoka kusafishwa hugeuka haraka kuwa wa manjano, zambarau au buluu. Utando unaoenguliwa huongezeka. Taa ya kupasha joto haizimiki hata saa ikipita. Sufuria ya chuma ikionyesha wekundu hafifu gizani, joto limeshapita 500, hata kama kioo cha thamostati kinasema 400.

Uchunguzi ufuate njia ya habari yenyewe: kutoka kwenye kihisi, hadi kwenye kidhibiti, hadi kwenye swichi inayokata umeme. Zima tanuri, chomoa waya, acha lipoe kabisa. Tazama kihisi kwanza. Kikichomoka kwenye sufuria, hupima hewa, na kidhibiti kitaendelea kuongeza moto bila kujua. Nyaya mbili za kihisi cha aina ya thamokapo zikibadilishwa nafasi, namba hushuka kadiri joto linavyopanda. Unyevu wa huku kwetu Kyela huleta kutu kwenye viungo, na kutu hufanya namba irukeruke. Kwenye thamostati za zamani zenye kijibomba cha shaba, kijibomba kikipasuka msukumo wa ndani hupotea, na swichi yaweza isikate kamwe. Kisha angalia kidhibiti kimewekewa aina gani ya kihisi. Thamokapo ya aina ya K ikiunganishwa kwenye kidhibiti kilichopangiwa aina ya J, kioo kitasoma 400 wakati risasi imefika karibu 530, na hakuna waya hata mmoja ulioungua. Mwisho ni kontakta, yaani ile swichi inayokata umeme. Umeme ukiwa hafifu, kontakta hutetemeka, ncha zake huungua na kushikana. Kidhibiti kikizima taa yake lakini umeme ukaendelea kwenda kwenye koili, kosa liko kwenye kontakta. Kununua kihisi kipya ni kupoteza fedha. Kipimo hiki cha kontakta kinahitaji umeme uwepo, hivyo kifanywe na fundi umeme mwenye sifa.

Risasi yenyewe ni shahidi

Wapo watakaosema kwamba vipimo vya kitaalamu ni ghali. Kipo kimoja kisichogharimu kitu. Yeyusha risasi laini iliyo safi, zima moto, kihisi kikiwa ndani, utazame namba ikishuka. Risasi inapoganda, namba husimama kwa muda kabla ya kuendelea kushuka, na isimame karibu na 327. Ikisimama 250, thamostati yako inapunguza ukweli kwa zaidi ya nyuzi sabini. Kipimo hiki kina mpaka wake: risasi ya betri kuukuu mara nyingi imechanganywa na antimoni, nayo huanza kuganda chini ya 327. Kwa hiyo usiitumie kupimia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wazee waliyeyusha risasi kwa mkaa bila thamostati na hawakufa. Lakini risasi haiui kwa kishindo. Hujikusanya kwenye mifupa, huharibu figo na damu, na kwa mtoto hupunguza uwezo wa akili kabla mzazi hajaona ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huko Owino Uhuru, Mombasa, moshi na maji machafu ya kiwanda cha kuyeyusha betri viliwadhuru wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Ni kweli tanuri dogo si kiwanda. Lakini kiwanda kina uzio, na tanuri la uani lina watoto pembeni yake.

Ndugu fundi, pima thamostati yako kabla ya msimu wa kazi na kila unapobadilisha kifaa. Weka kikata-joto cha pili kinachojitegemea, ili kimoja kikishindwa kingine kizime. Yeyushia mahali penye hewa, mbali na jiko na watoto, na ubadili nguo kabla ya kuingia ndani. Na tanuri lisilokata moto lizimwe leo, hata kama wateja wanasubiri chubwi zao.