Kisanduku cha Shanga Kutoka Gikomba

Swali: Msomaji wa mtaa wa Jericho, Nairobi, aliyenunua kisanduku cha mtumba chenye shanga katika soko la Gikomba, anauliza kama ni kazi ya Wamaasai, na kimeundwa kwa kitu gani.

Jibu: Shanga zenyewe hazitoshi kuthibitisha asili, kwa kuwa hata zile ndogo za kioo wanazotumia wanawake wa Kimaasai huagizwa kutoka ng'ambo, nyingi zikiwa za Jablonec nad Nisou, mji wa Ucheki; linalofichua zaidi ni namna zilivyoshikizwa. Kazi ya Kimaasai hutungwa kwa uzi au waya, au hushonewa juu ya ngozi, hivyo kifuniko kikigeuzwa, mshono huonekana kwa ndani. Lakini shanga zikiwa zimezama katika tabaka gumu, pamoja na vipande vidogo vya kioo cha kujitazamia, yaelekea kisanduku ni cha India, ambako mafundi hupaka lakiri, yaani utomvu wa wadudu wadogo waishio juu ya matawi ya miti, kisha wakazikandamiza shanga ndani yake ikingali laini kwa joto. Dhana ya wachuuzi kwamba kila chenye shanga ni cha Kimaasai haina msingi.

Kuhusu shanga zenyewe, ya kioo ni nzito na huwa baridi ikigusishwa shavuni, ilhali ya plastiki ni nyepesi na mara nyingi huwa na mstari mwembamba ulioachwa na kalibu. Kisanduku kisafishwe kwa brashi laini iliyo kavu, kwani spiriti huyeyusha lakiri.