MAFUNZO YA MOTOKAA: USUKANI UNAOTETEMEKA WAKATI WA KUKANYAGA BREKI

Wasomaji wetu walio madereva, na wale wenye motokaa zao wenyewe, wengi wamekwisha kuliona jambo hili. Gari laenda vizuri, usukani umetulia mikononi. Lakini mara dereva akanyagapo breki, usukani huanza kutetemeka, na sehemu yote ya mbele huyumba kama mtu mwenye homa ya baridi. Mwendo ukipungua, tetemeko nalo hupungua, hata gari likisimama huisha kabisa. Basi dereva hushukuru na kuendelea na safari, akisema, "Tutaangalia kesho." Leo twataka kueleza ugonjwa huu, namna ya kuutambua, na dawa yake, maana breki si kitu cha kuahirisha.

Sisi wenyewe tulifundishwa na hasara. Gari letu lilianza kutetemeka hivi tulipokuwa tukitoka Iringa kwenda Morogoro, baada ya kuteremka mlima wa Kitonga. Fundi mmoja alilitazama akasema, "Diski zimepinda kwa moto." Tukanunua diski mbili mpya na pedi zake, na gari likatulia. Baada ya miezi mitatu tetemeko likarudi vile vile. Tukanunua tena, na tena likarudi. Mara ya tatu tulimwendea fundi mzee. Huyu alivua diski, akatuonyesha uso wa habu, yaani kile kitako cha chuma ambacho diski hukalia. Kutu ilikuwa imeganda upande mmoja kama ukoko wa wali. Akasema, "Ninyi mmebadili godoro, na kunguni mmewaacha kitandani."

Yafaa kwanza tueleze jinsi breki hizi zifanyavyo kazi. Diski ni sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Dereva akanyagapo breki, pedi mbili huibana sahani hiyo kutoka pande zote mbili, kama mtu abanavyo karatasi kwa vidole viwili. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hati ya uvumbuzi wa breki ya namna hii mwaka 1902. Lakini ilipata sifa kubwa mwaka 1953, gari la Jaguar liliposhinda mashindano ya Le Mans, Ufaransa, likiwa na breki za diski. Siku hizi karibu motokaa zote ndogo zina diski katika magurudumu ya mbele.

Sasa, diski ikiwa na unene ulio sawa pande zote, pedi huibana kwa nguvu moja. Lakini ikiwa mahali pamoja ni nene kuliko pengine, hapo pedi husukumwa nyuma kila diski izungukapo. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa, gurudumu lake huzunguka karibu mara 11 kwa sekunde moja. Kwa hiyo dereva hupata mapigo 11 kila sekunde katika usukani, na mara nyingi katika pedali pia. Tena tofauti yenyewe ni ndogo sana. Sehemu mbili za mia za milimeta zaweza kutosha, nazo hazifiki nusu ya unene wa unywele. Ndiyo maana jicho halioni kitu.

Watu wengi husema diski imepinda kwa joto. Aghalabu sivyo. Diski ikikaa juu ya kutu au uchafu, au nati za gurudumu zikikazwa upande mmoja kuliko mwingine, diski hukaa kombo kidogo. Hapo huigusa pedi mahali pale pale kila izungukapo, hata wakati breki haikukanyagwa, na polepole hulika pasipo usawa. Kazi hiyo huchukua maelfu ya kilometa. Ndiyo sababu diski zetu mpya zilikuwa njema kwa miezi mitatu, nasi tukadhani duka limetuuzia vitu vibovu. Sababu nyingine ni dereva kusimama na kuendelea kukanyaga breki zikiwa moto sana. Pedi huacha alama yake juu ya diski kama muhuri juu ya barua.

Basi, msomaji, fuata utaratibu huu.

Kwanza, jiulize: tetemeko huja lini? Likija hata bila kukanyaga breki, gari liwapo mbioni, shuku mizani ya magurudumu au tairi lililovimba. Likija kwa breki tu, na usukani ndio unaocheza, shuku breki za mbele. Ukilisikia zaidi katika kiti kuliko usukanini, yamkini ni breki za nyuma. Na kama gari lina mtambo wa ABS, mapigo ya pedali unapokanyaga kwa nguvu penye utelezi ni kazi ya mtambo huo, wala si ugonjwa.

Pili, kabla ya lolote, jaribu nati za magurudumu kwa spana. Ukikuta moja imelegea, usiende hatua moja mpaka imekazwa, maana gurudumu laweza kuchomoka.

Tatu, simamisha gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au magogo, inua mbele kwa jeki, kisha weka stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, tazama beringi na maungio ya chini. Lishike kushoto na kulia. Likicheza, tazama ncha za vyuma vya usukani. Tazama na bushi za mikono ya chini. Vitu hivi vikilegea, tetemeko dogo huwa kubwa.

Nne, vua gurudumu utazame pedi. Kama moja imelika zaidi ya mwenziwe, yamkini pini za kalipa zimeganda. Zisafishwe na kutiwa grisi ya breki, si grisi yo yote tu. Kisha fundi apime unene wa diski kwa maikromita mahali 8 kuizunguka. Apime pia kama yazunguka kombo, kwa kipimo chenye uso kama saa. Magari mengi hayaruhusu kupita sehemu 5 hadi 10 za mia za milimeta.

Tano, dawa. Diski iliyolika bila usawa hukerezwa kwa mashine, ikiwa bado ina unene wa kutosha. Kipimo cha mwisho aghalabu kimechongwa juu ya diski yenyewe. Ikiwa imepungua chini ya hapo, nunua mpya, zote mbili za mbele pamoja, na pedi mpya. Lakini kabla ya kuziweka, sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Hili ndilo neno kuu la somo letu. Halafu kaza nati kwa kuvuka, moja na ile inayoielekea, kidogo kidogo, na mwisho kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Mtu akazaye kwa kurukia spana kwa mguu ajitayarishia ugonjwa ule ule.

Sita, zoeza pedi mpya. Penye barabara tupu, punguza mwendo toka kilometa 60 hadi 20 taratibu, mara 10 hivi, ukiziacha zipoe kidogo kila mara. Usisimame kabisa huku umekanyaga breki zilizo moto.

Mwisho, twawakumbusha madereva wa nchi za milima. Mteremkoni shusha gia mapema, mashine yenyewe ilizuie gari, na breki ikanyagwe kwa vipindi. Dereva ateremkaye Kitonga akiwa ameikalia breki tangu juu huenda akafika katikati ya kona hana breki tena, na nyuma yake wamo abiria waliomwamini roho zao. Tetemeko ni breki inayosema ingali mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sisi tumekwisha kulipa ada ya somo hili, tena mara mbili. Ninyi, ndugu wasomaji, lipokeeni bure.