Sakiti ya Eabegi ya Abiria wa Nyuma: Kutafuta Hitilafu kwa Sheria ya Ohm

Mtahiniwa, katika maswali mengi ya umeme wa mkondo unapewa betri, swichi na rezista mbili zilizochorwa vizuri. Sakiti ya somo hili imefichwa ndani ya kiti cha gari, na ukiishika vibaya inaweza kulipuka usoni mwako.

Chukua gari dogo lililotumika Japani, ambalo sasa linabeba abiria kati ya Nkowe na Ruangwa mjini. Msimu wa korosho kiti chake cha nyuma hukaliwa na watu asubuhi na magunia jioni. Siku moja taa ya eabegi kwenye dashibodi, ile yenye picha ya mtu aliyekaa mbele ya puto, inawaka na haizimiki. Kwa kawaida huwaka sekunde chache baada ya swichi kufunguliwa, kisha huzimika: kompyuta ya eabegi imejikagua na kuridhika. Isipozimika, kuna kasoro, na katika magari mengi mfumo mzima au sehemu yake haitafanya kazi ajali ikitokea. Fundi anaunganisha mashine ya kusoma hitilafu. Inamwambia: eabegi ya ubavuni, abiria wa nyuma kushoto, ukinzani umezidi.

Je, abadilishe eabegi? Bado. Mashine imetaja sakiti, haikutaja kifaa. Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa, na mafundi wengi hupoteza fedha za wateja wao. Sakiti hii ina sehemu tatu: kompyuta, waya pamoja na soketi zake (mara nyingi za rangi ya njano), na kiwashio kilicho ndani ya eabegi. Zote zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo ukinzani wake unajumlishwa. Kompyuta inaona jumla tu.

Kiwashio ni waya mwembamba wenye ukinzani wa takriban 2 Ω, umezungukwa na baruti kidogo. Viwashio vingi vimetengenezwa ili mkondo wa 1.2 A ukipita kwa milisekunde 2 viwake kwa hakika, na mkondo usiozidi 0.4 A usiviwashe. Tupige hesabu:

Nishati = I²Rt = 1.2 × 1.2 × 2 × 0.002 = 0.00576 J

Ni nishati ndogo mno. Sasa mwanafunzi mdadisi achukue betri moja ya tochi, 1.5 V, aiunge kwenye kiwashio hicho. Tukiacha ukinzani wa ndani wa betri, I = V/R = 1.5/2 = 0.75 A. Tumevuka 0.4 A, hatujafika 1.2 A: inaweza kulipuka, inaweza isilipuke. Betri mbili kwa mfululizo zinatoa 1.5 A, na hapo hakuna tena cha kubahatisha. Mfuko hujaa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Haukusubiri utoe kichwa.

Ndiyo maana hairuhusiwi kupima ukinzani wa eabegi kwa mita. Mita ya kidijitali hupitisha mkondo mdogo sana, ni kweli, lakini mita ya mshale hupitisha mkubwa zaidi, na fundi aliyezoea kupima huku hachelewi kuishika ile nyingine.

Apime vipi basi? Kwa kubadilishana. Kwanza anazima swichi, anatoa waya hasi wa betri na kusubiri muda uliotajwa na mtengenezaji; Toyota, kwa mfano, huagiza angalau sekunde 90. Sababu ni kapasita iliyomo kwenye kompyuta, inayotunza chaji ili eabegi ifanye kazi hata kama betri imevunjika wakati wa ajali. Ukiulizwa kwa nini kutoa waya wa betri hakutoshi, jibu ni hilo. Kisha anachomoa soketi ya eabegi na mahali pake anaweka rezista ya 2 Ω. Anarudisha betri bila mtu yeyote kukaa ndani ya gari, anafuta hitilafu, anasoma upya.

Hitilafu ikiondoka, kasoro ilikuwa upande wa eabegi, nayo hubadilishwa, haitengenezwi. Ikibaki, eabegi haina kosa. Atafute kwenye waya, na aanze na soketi: kutu, vumbi, pini iliyolegea kwa mtikisiko au kwa gunia lililosukumwa kwa nguvu. Akiibana soketi vizuri na taa ikazimika, gharama ya kazi ni muda wake tu.

Kuna mtego mmoja. Ndani ya soketi nyingi za eabegi mna kijisahani cha chuma kinachounganisha pini mbili mara soketi inapochomolewa, ili kiwashio kisipate tofauti ya volteji kwa bahati mbaya. Fundi akichomoa ncha zote mbili na kupima kati ya waya mbili, anaweza kusoma karibu 0 Ω akadhani kuna shoti. Hakuna shoti, anapima kijisahani. Lazima akitenganishe kwanza.

Na rezista ile itolewe. Wapo wanaoiacha humo ili taa izimike na gari liuzike. Kompyuta inaona 2 Ω na kuridhika, ilhali mtoto aliyekaa kushoto nyuma hana mfuko wowote ubavuni mwake, na baba yake hajui.

Swali (alama 6). Fundi ameweka rezista ya 2 Ω badala ya eabegi. Mashine inasoma 6.5 Ω. (a) Kasoro iko wapi? (b) Kokotoa ukinzani wa ziada. (c) Ikiwa volteji kwenye sakiti ni 2.4 V, je, eabegi ikirudishwa itawaka? Volteji hii tumeirahisisha. Kompyuta halisi hutumia kubwa zaidi.

Majibu. (a) Nje ya eabegi, kwa kuwa haimo kwenye sakiti. Soketi na waya zichunguzwe kwanza. (b) 6.5 − 2 = 4.5 Ω. (c) I = 2.4/6.5 = 0.37 A, chini ya 0.4 A, hivyo haitawaka. Ukiandika 1.2 A, umegawanya kwa 2 Ω na kusahau soketi mbovu.