Kuhamisha Muziki wa Kanda Kwenye Kompyuta

Mkazi wa Gerezani aliyehifadhi kaseti ya NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964, anamiliki hazina inayopotea. Muziki huo umeandikwa kwa sumaku katika tabaka jembamba la oksidi ya chuma juu ya utepe wa plastiki. Joto na unyevu wa pwani hudhoofisha gundi ya tabaka hilo, na kila kaseti ichezwapo utepe huzidi kuchakaa. Yafaa sauti ihamishwe mapema.

Kompyuta hupima volteji itokayo katika redio kaseti na kuiandika kwa tarakimu. Sikio la binadamu husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na sharti vipimo vizidi maradufu ya idadi hiyo. Kwa kawaida huwa 44,100. Kila kipimo kikichukua baiti 2, na njia za sauti zikiwa 2:

44,100 × 2 × 2 = baiti 176,400 kwa sekunde.

Kaseti ya dakika 60 itahitaji baiti 635,040,000. Huo ni muundo wa WAV. FLAC hupunguza nafasi hiyo, mara nyingi kufikia karibu nusu, bila kupoteza chochote. MP3 ya biti 128,000 kwa sekunde huhitaji baiti 57,600,000 tu, kwa kuwa hutupa sauti ambazo sikio huzitambua kwa shida. Kilichotupwa hakirudi.

Kwa hiyo nakala ya kwanza iwe WAV au FLAC. MP3 itolewe humo kwa kusikiliza tu.

Zoezi: Flashi ya baiti 8,000,000,000 itabeba kaseti ngapi kamili za dakika 60 kwa WAV? Kwa MP3 je?